Gari ya spoti ya kwanza: tafuta ile ambayo haijaguswa

Nianze na msimamo wangu kabisa ili usije ukasoma mpaka chini ukiutafuta. Kama hii ndo gari yako ya kwanza ya spoti na unanunua ya zamani, tafuta iliyo kama ilivyotoka kiwandani. Stoki. Rimu zake, shokapu zake, eksozi yake, hata redio yake ile ya zamani kama bado ipo. Swali la modeli gani ni la pili, na najua watu wengi wanaanza na hilo la pili, ila vumilia kidogo nikueleze kwa nini mimi nalipanga hivi.

Kila gari ya zamani ina magonjwa yake na magonjwa hayo yanajulikana. Yaani ukiwa na miaka 20 au 30 ya watu kumiliki modeli fulani, kuifungua, kuiharibu na kuitengeneza, hamna siri tena iliyobaki. Inajulikana inaanza kuoza wapi, kipi kinakatika kikifika kilomita ngapi, kipi ukisikia kinalia ukimbie. Hii ni zawadi kubwa sana kwa mtu anayeanza, maana unaweza kwenda kuangalia gari ambayo hujawahi hata kuikalia na bado ukajua pa kuchungulia. Sasa gari ikishaguswa, imewekewa turbo kubwa zaidi, imeshushwa, kompyuta ya injini imechezewa, nyaya zimeungwa kwa selotepu chini ya dashibodi, ule ujuzi wote wa miaka unapotea. Hiyo gari sasa ina magonjwa yake peke yake duniani, na anayeyajua ni mtu mmoja tu aliyeifanyia hiyo kazi, na mara nyingi siyo huyo anayekuuzia.

Nimewahi kuangalia moja nzuri mno kwa macho, rangi inang'aa, imekaa chini, muuzaji anataja kila kitu kilichowekwa kwa jina na bei yake. Nikamuuliza vile vya kiwandani viko wapi, akasema vilishatupwa zamani. Nikauliza nani alitengeneza tuni ya injini, yaani mipangilio mipya ya ile kompyuta yake, akasema aliikuta hivyo hivyo. Hapo kwangu maongezi yaliisha, kwa amani kabisa, nikashukuru nikaondoka. Labda ilikuwa imefanywa vizuri sana lakini mimi sikuwa na uwezo wa kujua, na mtu anayeanza ni nadra sana kuwa nao, na hilo ndo tatizo lenyewe.

Na gari iliyoongezewa nguvu inakuambia pia imeendeshwaje. Hamna anayeweka pesa kwenye turbo halafu akaendesha taratibu. Ile klachi, ile giaboksi, ile difu inayogawa nguvu kwa tairi, vyote vimekula mateso ambayo kiwanda hakikuvipangia.

Haya, sasa modeli. Jina litakalotajwa mara nyingi kuliko yote ni Mazda MX-5, na litatajwa kwa haki. Ilitoka mwaka 1989, ile ya kwanza yenye taa zinazoinuka, injini ya lita 1.6 yenye nguvu ya farasi kama 115 hivi, uzito chini ya tani moja. Mtu akisikia farasi 115 anacheka, mpaka aiendeshe. Gari nyepesi inafunga breki haraka, inakata kona haraka, haimalizi tairi, haimalizi pedi, na ukikosea unakuwa umekosea ukiwa kwenye spidi ambayo bado unaweza kujirekebisha. Hii ni hoja ambayo naomba uikalie kidogo kwa sababu watu wanaoanza wote wanatafuta namba ya farasi. Gari yenye farasi 300 unaiendesha kwa uoga kwenye barabara ya kawaida, unagusa tu mafuta unaacha, hujui hata ina tabia gani. Gari yenye farasi 115 unaitumia yote, kila gia, unasikia tairi za mbele zinavyoanza kuchoka kwenye kona, unajifunza kupunguza gia vizuri bila kuitikisa gari. Hayo ndo mambo unayoyanunua kwenye gari ya spoti.

MX-5 ya kwanza ina uzuri mwingine ambao hausemwi sana: taiming belti, ile inayofanya valvu na pistoni ziende kwa zamu, ikikatika valvu hazigongani na pistoni. Unasimama njiani, unavutwa, unafunga belti nyingine, unaendelea na maisha. Linganisha na Porsche 944, gari tamu sana ya miaka ya 1982 mpaka 1991, injini mbele na giaboksi nyuma ili uzito ugawanyike vizuri, lakini belti yake ikikatika valvu zinapinda na hapo unaongelea kufungua silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini. Tena ina belti nyingine ya kuendesha shafti za kupunguza mtetemo, ikikatika inaweza kuinasa ile ya kwanza. Kwa hiyo kwenye 944 swali la kwanza kabisa, kabla ya rangi na kabla ya bei, ni belti zilibadilishwa lini na karatasi iko wapi. Sisemi usiinunue, naipenda sana ile gari, nasema ununue yenye karatasi.

Ugonjwa wa MX-5 ni kutu. Turubai ina vitundu vya kutolea maji huko nyuma, vikizibwa na majani na vumbi maji yanaingia ndani ya ule mkono wa bodi unaopita chini ya mlango, na pale panaoza kutokea ndani, siku unapoona kipele kwenye rangi mbele ya tairi la nyuma ujue ndani hali ni mbaya zaidi. Ile ya pili, ya 1998 mpaka 2005, inaoza pia kwenye vyuma vya chesisi vya mbele, hasa kwenye nchi ambazo zinamwaga chumvi barabarani kipindi cha baridi. Piga magoti, ingia chini na tochi. Za mwanzo kabisa, mpaka kama 1991, zina krenki shafti, ile shafti kuu ya injini, ambayo pua yake ya mbele ni fupi na puli inaweza kulegea ikaharibu mpaka shafti yenyewe, kwa hiyo ukiona puli inayumba injini ikiwa inaunguruma, achana nayo.

Toyota MR2 nayo wengi wanaiota, injini katikati nyuma ya mgongo wako. Ile ya pili, ya 1989 hadi 1999, ni nzuri kuiangalia kuliko hata magari ya bei mara kumi, ila mimi sishauri iwe ya kwanza. Uzito ukiwa katikati gari inageuka haraka sana, na ukiingia kona kwa spidi halafu ukaogopa ukaachia mafuta ghafla, nyuma inakuja mbele kabla hujajua kinachoendelea. Na kuachia mafuta ndo kitu ambacho kila anayeanza anafanya akiogopa, mwili wenyewe unafanya. Ile ya tatu ya 1999 mpaka 2007 ni pole zaidi, lakini ichunguze eksozi, kuna vile vichujio vidogo vilivyokaa karibu na injini, vikisagika vipande vinanyonywa vinarudi kwenye silinda na injini inaanza kula oili.

Mazda RX-8, ya 2003 hadi 2012. Hii inauzwa rahisi kuliko zote ukilinganisha na unachopata na ipo sababu. Injini yake ya rota haina pistoni, inazunguka laini ajabu, na inachoma oili kwa makusudi, imeundwa hivyo, kwa hiyo mwenye gari lazima awe mtu wa kuchungulia oili kila mara. Ukienda kuitazama usikubali kupimiwa kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya injini, na kifaa cha kawaida. Kila rota ina nyuso tatu na kifaa cha kawaida kinakuonyesha ule uso wenye afya tu, zile mbili zilizochoka hazionekani. Kuna kifaa maalum cha injini za rota, na kama fundi hana basi hujapima kitu.

Porsche Boxster ya kwanza, 1996 mpaka 2004, nayo inavutia kwa sababu jina ni kubwa na bei imeshuka. Ndani ya injini kuna beringi moja ya shafti ya kati ambayo ikifa inaenda na injini nzima. Siyo kila gari inakufa, nyingi zimetembea miaka bila shida, ila watu wenye akili wanaibadilisha siku wanapofungua giaboksi kubadilisha klachi maana pale ndo unaifikia kwa urahisi. Uliza imebadilishwa lini na uone risiti.

BMW 3 Series za kizazi kinachoitwa E46, zile za 1998 mpaka 2006, zinatengeneza gari safi ya spoti yenye nafasi ya watu wengine, ila mfumo wa kupooza injini una plastiki nyingi, tangi la maji, mabomba, pampu, na plastiki ikizeeka inapasuka, injini inachemsha, na injini ya aluminiamu ikichemsha vizuri mara moja tu umekwisha. Na nyuma, pale ambapo fremu ya difu imefungwa kwenye sakafu, bati linapasuka. Hiyo huoni mpaka gari inyanyuliwe. Toyota Altezza na yenyewe niitaje, ya 1998 mpaka 2005, inasukuma kwa tairi za nyuma, milango minne, ile yenye injini ya Beams ya silinda nne na gia sita za mkono ina farasi 210, ni gari ya mtu ambaye anahitaji gari moja ifanye kila kitu. Shida yake ni kuipata ambayo haijaguswa, na unanijua nilivyo kwenye hilo.

Honda S2000 nitaipita haraka. Injini ya lita 2.0 inayozunguka mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika bila turbo, kazi ya ufundi ya hali ya juu, lakini bei sasa hivi ni za wakusanyaji na zile za mwanzo nyuma yake inaserereka ghafla. Subiri.

Sasa umeipata, unaenda kuiangalia. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti, ikiwa ya moto uliza kwa nini. Injini ya baridi inasema ukweli, ya moto inaficha. Iwashe mwenyewe huku mtu mwingine amesimama nyuma kwenye eksozi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, moshi mweupe usioisha hata baada ya injini kupata joto na wenye harufu kama ya sukari ni kulanti, yaani maji ya kupooza injini, inaingia kwenye silinda, moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, huo wa mwisho mara nyingi unatibika. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi usikutishe.

Kabla hujawasha lakini, geuza ufunguo mpaka hatua ya mwisho kabla ya kuwasha uangalie taa za dashibodi. Taa ya injini, ya ABS, ya eabegi, zote lazima ziwake halafu zizime, ile ya injini ikizima ukishawasha. Ambayo haiwaki kabisa ni mbaya kuliko inayobaki imewaka, kwa sababu huenda kuna mtu kaitoa balbu. Kwenye magari mengi ya kuanzia 1996 kwa soko la Marekani, na petroli za Ulaya kuanzia 2001, unaweza kuchomeka kifaa kidogo cha kusoma kompyuta na ukaona makosa yaliyohifadhiwa. Ukikuta kumbukumbu ni safi kabisa na vipimo vya ndani vinaonyesha havijakamilika, huenda kuna mtu kafuta makosa muda si mrefu.

Barabarani, gia ya pili na ya tatu wakati giaboksi bado ni baridi, zikikwaruza unajua. Klachi unaipima hivi: weka gia ya juu ukiwa spidi ndogo, kanyaga mafuta yote, mshale wa mizunguko ukipanda na gari haiongezi mwendo basi klachi inateleza. Funga breki mahali salama ukiwa umeshika usukani kwa kulegea kidogo uone kama gari inavuta upande. Zima redio. Akikuwekea muziki muda wote omba kwa heshima azime.

Tairi zinaongea sana. Kwenye ubavu kuna namba nne mwishoni mwa msimbo wa DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho mwaka, 2319 ni wiki ya 23 mwaka 2019. Tairi ya zaidi ya miaka 10 ni ya kutupa hata kama meno yamejaa, mpira unakauka. Lakini mimi naangalia zaidi kama zote nne zinafanana. Mwenye gari ya spoti aliyefunga tairi nne za kampuni nne tofauti za bei ya chini, sitaki hata kuona alichofanya kwenye oili. Na zikiwa zimeliwa upande wa ndani tu, gari imeshushwa, au haijapimwa mlingano wa tairi, au imegonga kitu ikapinda.

Hili la tairi lina uzito wa ziada kwenye magari ya zamani. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari isiserereke ulikuja kuwa lazima kwa magari mapya Marekani kuanzia modeli za 2012 na Ulaya ilikamilika 2014, kwa hiyo gari nyingi ninazozitaja hapa hazina kabisa au zina ule wa mwanzo mwanzo. Kitu pekee kinachokushikilia barabarani ni mpira na mikono yako, na mpira ndo unaoweza kuununua.

Kama gari imetoka Japani kupitia mnada, omba karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni gari nzuri, 3.5 ina makovu yake ila inaweza kuwa safi kimitambo, R au RA maana yake iliwahi kutengenezwa baada ya kugonga. Kwenye mchoro wa gari herufi A ni mikwaruzo, U ni mabonde, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha na gari iliyo mbele yako, na kilomita zilizoandikwa pale ulinganishe na za kwenye mita leo, utashangaa ni gari ngapi zinarudi ujana zikivuka bahari. Hata bila karatasi mpira wa pedali, ngozi ya usukani na upande wa siti ya dereva vinakuambia umri, gari ya kilomita 60,000 haiwezi kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma.

Halafu boliti. Fungua boneti uangalie boliti zinazoshika mabawa ya mbele, kama rangi yake imechubuka spana imepita hapo, na bawa halifunguliwi bila sababu. Mianya kati ya milango na bodi iwe sawa kushoto na kulia.

Yote haya unaweza kuyafanya mwenyewe, na bado mwisho wake mlipe fundi anayeijua modeli hiyo hiyo ainyanyue na apime kompresheni. Namba za silinda zikipishana zaidi ya asilimia kama 10 mpaka 15 kuna kitu. Muuzaji anayekataa gari isikaguliwe, mshukuru uende.

Kwenye pesa, usimalize bajeti yote kwenye kununua. Tenga sehemu ya maana pembeni, mimi nasema angalau robo, kwa sababu siku unaileta nyumbani unabadilisha oili ya injini, ya giaboksi, ya difu, kulanti, na fluidi ya breki ambayo inanyonya unyevu wa hewa hata gari ikiwa imelala, na taiming belti na pampu ya maji kama hamna risiti, hata aape vipi. Uliza bima kabla hujalipa, siyo baada, maana kwa dereva mdogo gari ya spoti bima yake inaweza kuvunja hesabu nzima. Na uliza spea. Mazda walianza kurudia kutengeneza vipande vya MX-5 ya kwanza, turubai yake ikiwemo, Toyota nao wana mpango wao wa spea za magari ya zamani kama Supra, Nissan wanafanya kwa Skyline GT-R ya R32. Gari ambayo kiwanda chake hakina mpango wa hivyo, taa moja ya nyuma ikivunjika unaweza kusubiri miezi.

Ukishaimiliki iendeshe hivyo hivyo ilivyo kwa muda mrefu. Ijue kwenye mvua, ijue ikiwa na mtu pembeni, ijue tairi zikiwa baridi. Mikono ikikuwasha sana kubadilisha kitu anza na tairi nzuri na pedi za breki, shokapu zikichoka funga mpya za kiwango cha kiwandani na utashangaa gari ilikuwa inataka kuwa nini miaka yote hiyo, maana gari nyingi zinazosemwa hazikai barabarani vizuri zina shokapu na bushi, zile mpira za kwenye maungio, za zamani tu. Na chochote cha kiwandani utakachokivua, hata boliti, kifunge kwenye boksi, kiandike jina, ukihifadhi mahali pakavu.